Kubadili Ukubwa wa Picha Bila Kuharibu Uwiano Wake

Uso wa mtu hufichua kosa hili haraka kuliko kitu kingine chochote. Picha ikivutwa upande mmoja kuliko mwingine, mashavu hutanuka au shingo hurefuka, na hata mtazamaji asiyejua lolote kuhusu kompyuta huhisi kwamba kuna jambo haliko sawa. Kasoro hiyo haisababishwi na kamera wala na simu iliyopiga picha. Huzaliwa baadaye, pale upana na kimo vinapobadilishwa kwa viwango visivyolingana.

Picha ya dijitali ni nukta ndogo za rangi ziitwazo pikseli, zilizopangwa kwa safu za mlalo na za wima. Picha yenye pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa kimo ina uwiano wa 4:3, na simu nyingi hupiga kwa uwiano huo. Kamera nyingi za kubadilisha lenzi hutumia 3:2, uwiano uliorithiwa kutoka katika fremu ya filamu yenye milimita 36 kwa 24, ilhali video za siku hizi kwa kawaida ni 16:9. Ukubwa unaweza kupungua au kuongezeka, lakini maadamu uwiano ni uleule, duara litabaki kuwa duara.

Kwa sababu hiyo, wewe una uhuru wa kuchagua upande mmoja tu, na upande wa pili hupatikana kwa hesabu. Zidisha upana mpya kwa kimo cha zamani, kisha gawanya kwa upana wa zamani. Ukitaka picha ya 4000 kwa 3000 iwe na upana wa 1200, basi 1200 mara 3000 gawanya kwa 4000 ni 900, na hicho ndicho kimo chake. Wakati mwingine hesabu huleta desimali: picha ya 6000 kwa 4000 ikipunguzwa hadi upana wa 1000 hudai kimo cha 666.67. Andika 667 bila wasiwasi, kwa kuwa tofauti isiyofika pikseli moja haionekani kwa macho.

Programu nyingi hukufanyia hesabu hiyo, mradi uziruhusu. Katika Paint kuna chaguo la kudumisha uwiano, ambalo halina budi kuwashwa kabla hujaandika namba yoyote. Katika GIMP, kati ya nafasi ya upana na ya kimo kuna alama ya mnyororo: ukiwa umeungana, pande zote mbili hubadilika pamoja, ukiwa umekatika, kila upande huenda kivyake. Katika Word na programu nyingine za nyaraka, vuta picha kwa kukamata kona yake, wala usikamate nukta iliyo katikati ya ubavu, kwa maana hiyo hubadili upande mmoja peke yake. Watumiaji wa muda mrefu wa Photoshop wawe waangalifu zaidi: zamani ilibidi kushikilia Shift ili uwiano ubaki wakati wa kuvuta picha kwa mkono, lakini tangu toleo la CC 2019 uwiano hulindwa wenyewe kwa kawaida, na Shift ndiyo inayouachilia. Mkono uliozoea desturi ya zamani unaweza kuharibu picha bila mwenyewe kutambua.

Ugumu halisi huanza pale unapopewa vipimo vyote viwili, kwa mfano fremu ya mraba ya 1080 kwa 1080, huku picha yako ikiwa ya 4:3. Hapo ndipo wengi hufungua mnyororo na kuibana picha mpaka ienee, na hapo ndipo ningependa usimame kidogo, kwa kuwa zipo njia mbili zilizo bora. Ya kwanza ni kukata: kutoka katika picha ya 4000 kwa 3000 chagua kipande cha 3000 kwa 3000, kisha kipunguze hadi 1080. Ya pili ni kuitosheleza picha nzima ndani ya fremu, ambapo itakuwa 1080 kwa 810, na pikseli 270 zinazobaki zigawanywe kuwa ukanda wa rangi moja wenye pikseli 135 juu na mwingine kama huo chini. Kukata kunafaa pale kiini cha picha kinapokuwa mahali pamoja. Ukanda unafaa pale ambapo hakuna kinachoweza kuachwa, kama vile picha ya kundi la watu waliojipanga mpaka ukingoni.

Hali ni hiyohiyo katika uchapishaji. Karatasi ya sentimita 15 kwa 10 ina uwiano wa 3:2, kwa hiyo picha ya simu ya 4000 kwa 3000 itapoteza safu 333 ili ienee kikamilifu. Usipoamua mwenyewe zitoke juu au chini, mashine itakuamulia, na pengine itapitisha mkato kwenye nywele za mtu.

Kwa kurasa za wavuti, usilazimishe upana na kimo kwa pamoja ikiwa huna hakika na uwiano wa kila picha. Katika CSS, yaani maelekezo ya mwonekano wa ukurasa, weka upana, kisha andika height: auto (kimo kijipange chenyewe), na kivinjari kitakokotoa kilichobaki. Anayepunguza picha nyingi kwa ImageMagick, programu inayohariri picha kwa maagizo ya kuandikwa, ajue kwamba agizo la 800x600 huiweka picha ndani ya mipaka hiyo bila kuigeuza umbo, ila alama ya mshangao ikiongezwa mwishoni huilazimisha ifuate vipimo hivyo hata kama itapotoka.

Uwiano uliolindwa haumaanishi kwamba picha inaweza kukuzwa bila kikomo. Ukiongeza kila upande mara mbili, pikseli moja inakuwa nne, na programu hulazimika kukisia rangi zilizokosekana. Anza kila mara na faili halisi na uhifadhi matokeo kwa jina jingine, kwa maana faili ya JPEG hupoteza ubora kidogo kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya.

Ikiwa picha imekwisha kupotoka na faili halisi haipo, tafuta ndani yake kitu cha duara kilichoelekea kamera moja kwa moja, kama saa ya ukutani, upime upana na kimo chake kwa pikseli. Tuseme picha ni ya 1000 kwa 1000, na saa ina upana wa 165 na kimo cha 220. Gawanya 165 kwa 220 upate 0.75, kisha, kwa mara hii moja, ukate mnyororo na upunguze kimo cha picha nzima hadi 750. Ni heri kupunguza upande uliozidi kuliko kuvuta uliopungua, kwa sababu kupunguza hakuhitaji pikseli za kukisia.