Kuzunguka Pwani ya Ufaransa kwa Gari la Kulala Pamoja na Mbwa

Kabla ya kuvuka mpaka, hakikisha mbwa ameshawekewa chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha akachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, na siku 21 ziwe zimepita tangu chanjo hiyo ya kwanza. Cheti chake kisafiri ndani ya gari, mahali unapoweza kukifikia upesi.

Mwezi unaofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni Septemba. Majira ya kiangazi, manispaa nyingi huwakataza mbwa kukanyaga fukwe zao, na kila moja hujiwekea masharti yake. Kwa hiyo soma kibao kilicho mlangoni hata kama jana ulikaribishwa katika ufuko wa jirani.

Huko Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, kuna hatari ambayo naiogopa kuliko joto: mwani wa kijani unaorundikana ufukweni, hasa katika ghuba ya Saint-Brieuc na maeneo ya karibu, ukioza hutoa gesi ya sumu, na mwaka 2008 mbwa wawili walikufa katika ufuko wa Saint-Michel-en-Grève. Ukiona rundo hilo, au ukisikia harufu ya mayai viza, mfunge mbwa kamba na uondoke mara moja.

Katika misitu ya misonobari ya Landes, kusini-magharibi mwa nchi, mwishoni mwa baridi na mwanzoni mwa machipuko, mzuie asinuse viwavi wanaotembea kwa msururu. Vinyweleo vyao huunguza ulimi. Akiwagusa, mwahishe kwa daktari wa mifugo.