Lupu ya ndani ifuate safu mlalo
Kwa wanaoandika C au C++: ukiwa na jedwali kubwa la namba, tuseme a[i][j] (i ni namba ya safu mlalo, j ya safu wima), hakikisha lupu ya ndani ndiyo inayobadilisha j. Ukizipanga kinyume, hesabu ni zilezile lakini programu inaweza kuchelewa mara kadhaa. C huhifadhi kila safu mlalo mfululizo kwenye memori, na prosesa haichukui namba mojamoja; kompyuta nyingi huvuta baiti 64 kwa mkupuo hadi kwenye kache, yaani memori ndogo ya kasi iliyo karibu na prosesa. Kwa namba za baiti 4, hizo ni 16. Ukishuka wima unatumia moja tu, na zile 15 mara nyingi zimeshafutwa kwenye kache kabla hujazifikia. Kompaila wakati mwingine hukugeuzia lupu yenyewe, ila usiitegemee.

Jedwali dogo linaloenea lote kwenye kache kwa kawaida halitaonyesha tofauti kubwa. Fortran hupanga kwa safu wima, kwa hiyo huko i ndiyo ikae ndani. Na kama kazi ni kubadilisha safu mlalo ziwe wima, upande mmoja, wa kusoma au wa kuandika, utaumia vyovyote upangavyo: kata jedwali vipande, mfano 32 kwa 32, umalize kimoja ndipo uende kingine.