Laptopi Mpya Ina Kasoro na Waranti Imekataliwa: Jinsi ya Kudai Haki Yako Kenya

"Hilo si letu, peleka kwa kampuni." Hilo ndilo jibu utakalopewa dukani, nalo ni nusu ya ukweli. Waranti ni ahadi ya mtengenezaji, na masharti yake kayaandika mwenyewe. Mkataba wa kuuziana, hata hivyo, uko kati yako na duka. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31) kinamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaostahili, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inabatilisha sharti lolote la kukwepa wajibu huo. Kwa hiyo yale maandishi ya mwisho wa risiti, "bidhaa zikiuzwa hazirudishwi", hayamkingi aliyekuuzia mashine mbovu. Fuata njia zote mbili kwa pamoja: waranti kwa mtengenezaji, madai kwa muuzaji.

Mwandikie muuzaji siku ile ile unapoiona kasoro. Ukikaa nayo kimya, sheria itahesabu kwamba umeikubali bidhaa. Haki ya kuirudisha itakutoka na utabaki na ya kudai fidia tu. Simu pekee haitoshi. Tuma barua pepe, au hata WhatsApp, mradi tarehe ionekane.

Kabla hujampa mtu mashine, kusanya ushahidi. Weka risiti ya ETR (ya mashine ya kodi) pamoja na ujumbe wa M-Pesa. Piga picha pande zote sita, ukikaribia bawaba, tundu la chaja na kona. Kisha fanya vipimo vya mashine yenyewe: kwa HP, bonyeza Esc mara unapowasha, halafu F2, kwa Dell, F12 kisha uchague Diagnostics. Kipimo kikifeli, HP hutoa msimbo wa tarakimu 24 na Dell hutoa msimbo wa hitilafu. Upige picha, kwani ni vigumu kituo cha huduma kukanusha kipimo cha kampuni yake. Betri ikiwa ndiyo tatizo, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ufungue ripoti itakayotokea, kisha linganisha "Design capacity" (uwezo wa betri ikiwa mpya) na "Full charge capacity" (uwezo wake wa sasa). Kwa kasoro inayokuja na kuondoka, rekodi video inayoonyesha tatizo na nambari ya seriali bila kukatiza. Bila hiyo utarudishiwa mashine na karatasi iliyoandikwa "hakuna tatizo lililoonekana".

Nakili data yako yote, maana diski inaweza kubadilishwa au kufutwa. Tafuta pia ufunguo wa BitLocker (kinga ya Windows inayofunga data ya diski) wenye tarakimu 48 katika akaunti yako ya Microsoft. Bodi kuu ikibadilishwa, Windows huenda ikaudai, na usipokuwa nao data haifunguki. Wengi hulijua hili wakiwa wamechelewa.

Kaunta ya huduma isikupe namba ya foleni tu. Dai karatasi ya mapokezi yenye tarehe, nambari ya seriali, kasoro uliyoieleza na hali ya nje ya mashine. Kama haina mikwaruzo, iandikwe hivyo. Sehemu hiyo ya karatasi ikiachwa wazi, nyufa zitakazotokea baadaye utabebeshwa wewe.

Wakikataa, sababu huwa moja kati ya hizi. "Muda umeisha": mfumo wa kampuni huenda unahesabu tangu mashine ilipotoka kiwandani. Tuma risiti na uombe tarehe irekebishwe. "Si ya soko hili": mashine imeletwa kutoka Dubai au kwingineko na waranti yake haivuki mipaka. Hapo mtengenezaji anaweza kuwa na hoja, lakini muuzaji aliyekuambia ina waranti ya mwaka mmoja hana pa kujificha. "Umeiharibu mwenyewe": hii ndiyo ngumu zaidi. Usibishane kwa mdomo. Omba ripoti ya fundi kwa maandishi, picha za sehemu iliyoharibika, na maelezo ya jinsi uharibifu huo unavyosababisha kasoro unayoilalamikia. Alama ya unyevu karibu na kibodi haielezi kwa nini bawaba imevunjika. Usiruhusu wala kulipia matengenezo kabla ya kupata ripoti hiyo, na usimpe fundi wa mtaani aifungue.

Bila suluhu, peleka barua ya madai kwa muuzaji, nakala kwa mtengenezaji, mpokeaji atie sahihi:

"Tarehe … nilinunua kwenu laptopi nambari ya seriali … kwa KSh … Tarehe … ilionyesha kasoro hii: … Naambatisha risiti, picha na matokeo ya vipimo. Nataka mnirudishie pesa au mnipe nyingine mpya ndani ya siku 14. La sivyo, nitafungua madai bila kuwapa notisi nyingine."

Siku zikipita, lalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, au nenda Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa kwa madai, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Umshtaki yule aliye kwenye risiti, kwa jina lilivyoandikwa hapo. Jina la bango la duka mara nyingi si jina la kampuni, na madai hukwama kwa kosa hilo tu.

Ukikubali kurudishiwa mashine iliyotengenezwa, usitie sahihi kabla ya kuiwasha. Fungua PowerShell, andika Get-CimInstance Win32_BIOS, na ulinganishe nambari ya seriali itakayotokea, ambayo ndiyo iliyo ndani ya bodi, na ile iliyobandikwa tumboni mwa mashine. Bodi mpya isiyoandikwa nambari sahihi itakunyima waranti safari ijayo, kwa hiyo waiandike ukiwa papo hapo.