Kungu, kabro, na wewe unyamaze: namna ya kuwaonyesha watoto sokwe wanavyojifunza

Kila likizo ya Agosti uani kwangu Kuze hujaa watoto: wapwa zangu wawili, wa jirani, na yeyote apitaye uchochoroni akasikia vishindo. Mwaka wa kwanza niliwasimulia habari za sokwe nusu saa nzima. Mmoja alisinzia, mwengine akaniuliza chai iko wapi. Siku hizi tunavunja kokwa kwa jiwe kama wafanyavyo sokwe wenyewe, namna hii.

Okoteni kungu, matunda ya mkungu, wiki moja kabla. Mbichi hazifai, nyuzi zake zimejaa maji na jiwe hudunda tu. Waache watafune nyama ile nyekundu, kisha kokwa zianikwe mpaka ziwe kahawia na nyepesi mkononi. Chini weka kabro moja, lile tofali la kutandikia njia, juu tafuta jiwe jeusi linaloenea kiganjani. Matumbawe, ambayo ndiyo tuliyo nayo tele hapa Mombasa, usijaribu: yanamomonyoka, utakula mchanga.

Kabro ikiyumba, usiirekebishe. Kule Bossou, nchini Guinea, sokwe huvunja chikichi kwa mawe mawili vivi hivi, na wachache wameonekana wakisukumiza jiwe la tatu chini ya lile la chini ili litulie. Subiri uone ni nani atakayewaza hilo. Kwangu alikuwa wa miaka sita, wakubwa wangali wanabishana.

Sasa kaa uvunje. Simamisha kokwa kwa ukingo, mshono ukitazama juu, uishike kwa vidole viwili. Gonga kidogo ikae, toa vidole, kisha piga pigo moja la haja. Ikipasuka sawa, kiini hutoka kizima, chembamba, kitamu kama lozi.

Kazi hasa ni kunyamaza. Mama sokwe hasemi "hivi, si hivyo". Yeye anavunja, mtoto amemganda anatazama, na akinyakua kiini, mara nyingi mama humwachia. Nawe waache wakuibie. Mimi hili hunishinda, mdomo waniwasha. Aliyepitia gereji anaelewa: fundi hasemi kitu, anakunjua mkono tu apewe spana, na kijana inabidi awe ameshaona ni ipi. Tetsuro Matsuzawa, Mjapani aliyewachunguza sokwe wa Bossou miaka mingi, naye alikufananisha kujifunza kwao na kwa mwanagenzi mbele ya fundi.

Mtoto akigonga kabro tupu bila kokwa, usimcheke. Wadogo wa sokwe huanza na jiwe peke yake, au kokwa peke yake, na kuviunganisha huwachukua muda mrefu. Wengi hufaulu kati ya miaka 3 na 5. Angalia pia macho yao yako kwa nani. Sokwe humtazama mkubwa au rika lake, mdogo hana wa kumtazama. Uani kwangu ni yayo kwa yayo.

Wakichoka, hapo ndipo unaposimulia, na kisa kiwe kimoja. Mimi huwapa cha Yo. Mwaka 1993 watafiti waliwawekea sokwe wa Bossou kokwa za aina isiyomea pale. Jike huyu akazivunja papo hapo, watoto wakamzunguka kutazama. Ilikisiwa kwamba alizaliwa kundi jengine linalozijua, maana kwa sokwe majike ndio wahamao wakibaleghe. Ni kama bi arusi aliyetoka Lamu na mapishi yake, jikoni kwa mawifi.

Wasiopenda vishindo wape chelewa, vile vijiti vya ufagio wa makuti, na chupa ya shira iliyobaki ya kaimati. Gombe, karibu na Kigoma, ndiko mtafiti Jane Goodall alikowaona sokwe mwaka 1960 wakichovya vijiti kwenye kichuguu kuvua mchwa. Wale wa Goualougo, kule Kongo-Brazzaville, huichambua kwanza ncha ya kijiti kwa meno ikawa kama mswaki, na mchwa wengi zaidi hung'ang'ania. Waambie watoto wajaribu chelewa kavu, kisha iliyotafunwa ncha, walambe wenyewe waone.

Jambo moja wataliuliza: Gombe michikichi ipo na mawe yapo, mbona sokwe wa huko hawavunji? Rudisha swali kwao. Mpwa wangu mkubwa alifikiri, akajibu: "Shangazi, labda Yo wao hajafika."

Weka barafu karibu kwa ajili ya vidole. Makapi ya kokwa yawekee jiko, yanashika moto vizuri.