Tangi la matumbawe nyumbani: maji kwanza, samaki baadaye

Wiki mbili zilizopita nilipiga magoti kando ya tangi la rafiki yangu, mikono imelowa hadi viwiko, tukitafuta kwa nini kila asubuhi anakuta konokono wake chali. Kosa lilikuwa lilelile lililowahi kunikesha mimi, kwa hiyo nimeona niliandike.

Hatua ya 1: Tangi na vifaa

Kama nafasi ipo, chukua la lita 150 au zaidi. Dogo linaonekana rahisi, ila maji machache hubadilika haraka na hayakupi muda wa kurekebisha. Utahitaji hita, pampu mbili za kusukuma mkondo, taa inayofaa matumbawe na skima ya kutoa uchafu kwa povu. Makopo ya chujio yaliyofungwa siyapendi: uchafu hujificha humo na mtu akasahau kuyasafisha.

Hatua ya 2: Mawe, kisha mchanga

Kwa mpangilio huo. Mawe yakae juu ya kioo chenyewe, la sivyo kiumbe mchimbaji atayaporomosha.

Hatua ya 3: Kuchanganya chumvi

Hapa twende polepole.

Tumia maji ya RO/DI, yaani yaliyochujwa kwa utando na kuondolewa madini. Ya bomba huja na fosfati, nitrati na pengine shaba. Fosfati na nitrati hulisha mwani, na shaba huua konokono na kamba. Chumvi iwe ile ya matangi ya matumbawe, maana ya jikoni haina kalsiamu wala magnesi ya kutosha. Mimina chumvi ndani ya maji, pampu ikizunguka. Ukianza na chumvi kisha ukaongeza maji, mchanganyiko mzito wa chini huifanya kalsiamu igande, na utabaki na ukoko mweupe kwenye ndoo.

Lengo ni uchumvi wa 35, yaani gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji ya bahari, kwenye nyuzi 25 hivi za Selsiasi. Swali ni unaupimaje. Haidromita ya plastiki yenye mkono unaocheza sitaki hata kuiona: kiputo kimoja cha hewa kikishika ule mkono, kipimo kinadanganya. Nunua rifraktomita, kifaa kinachopima uchumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga. Lakini nayo ina mtego wake, na ndio ulioninasa. Niliiweka sawa kwa maji safi, ikasoma sifuri, nikaiamini. Kumbe kusoma sifuri vizuri hakuthibitishi kwamba itasoma 35 vizuri. Tena nyingi zimechorwa kwa ajili ya maji ya chumvi ya kawaida, si ya bahari. Usiku ule nilipunguza na kuongeza chumvi hadi alfajiri, nikiifukuza namba ya uongo.

Dawa yake ni kuipimia kwenye kimiminika cha 35 chenyewe. Kinauzwa, na unaweza pia kukitengeneza: gramu 36.5 za chumvi ya mezani katika gramu 963.5 za maji safi hupinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kijiko. Weka matone, subiri nusu dakika yapoe au yapate joto la kifaa, kisha zungusha skrubu hadi isome 35. Rudia kila mwezi. Ya rafiki yangu ilipotea kwa pointi nne.

Jambo lingine: maji yakikauka, chumvi haiondoki nayo. Tangi la lita 40 likipoteza lita 5, uchumvi unapanda kutoka 35 hadi 40. Kwa hiyo unachojazia kila siku ni maji safi yasiyo na chumvi. Ya chumvi ni ya siku ya kubadilisha maji tu.

Hatua ya 4: Kungoja

Weka amonia hadi miligramu 2 kwa lita, upime. Bakteria wataigeuza nitriti, kisha nitrati. Siku amonia hiyo na nitriti zitakaposhuka hadi sifuri ndani ya saa 24, tangi liko tayari; mara nyingi ni wiki nne hadi sita. Kumtia samaki hai ateseke badala ya kutumia chupa ya amonia ni ukatili, na siufundishi. Utando wa kahawia ukitokea, uache. Mara nyingi hupita wenyewe.

Hatua ya 5: Viumbe

Konokono wachache kwanza. Kisha jozi ya Amphiprion ocellaris, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Hawahitaji anemoni, kiumbe wa bahari mwenye minyiri wanamojificha wakiwa baharini; asikudanganye mtu. Baada ya wiki kadhaa, matumbawe laini. Yaanzie chini, mbali na mwanga mkali, uyapandishe taratibu.

Ukichagua Zoanthus, viumbe jamaa wa matumbawe, vaa glavu na miwani: baadhi yana palitoksini, sumu kali mno. Na jiwe lenye hayo usilichemshe kamwe, hata kama unataka tu kulisafisha. Mvuke wake umeshalaza watu hospitalini.