Mtoto Amechelewa Chanjo: Namna ya Kuisoma Kadi, Kufidia Dozi na Kujua Lini Asichomwe

Chukua kadi ya kliniki, ifungue ukurasa wa chanjo, weka kalenda pembeni. Usianze kwa kuhesabu mtoto ana miezi mingapi. Tafuta kwanza tarehe ya dozi ya mwisho ya kila chanjo, kwa sababu kufidia kunahesabiwa kutoka hapo. Dozi iliyokwisha kuingia mwilini haifi. Hata kama imepita miezi minane tangu achomwe ya kwanza, inayofuata ni ya pili, haanzi upya. Wazazi wengi wanaogopa kurudi kliniki wakidhani watagombezwa kwamba wameharibu kila kitu. Hakuna kilichoharibika, ila kila wiki anayokaa nyumbani ni wiki ambayo kifaduro au surua vinaweza kumkuta hana kinga ya kutosha.

Ratiba yenyewe ya Tanzania ni hii. Akizaliwa anapata BCG ya kifua kikuu, sindano ndogo ya 0.05 ml juu juu ya ngozi ya mkono wa kulia, karibu na bega, pamoja na matone mawili ya polio. Matone hayo ya kuzaliwa yana mwisho wake, siku ya 14. Zikipita, anasubiri ya wiki 6. Wiki ya 6 anachomwa pentavalenti paja la kushoto (inakinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na Hib, bakteria wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo), PCV ya nimonia paja la kulia, anakunywa rota ya kuzuia kuhara na matone ya polio. Wiki ya 10 anarudia yote hayo. Wiki ya 14 rota haipo tena, badala yake inaongezeka sindano ya polio. Miezi 9 ni surua-rubella ya kwanza, miezi 18 ya pili. Binti anapata HPV ya saratani ya mlango wa kizazi, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wenye miaka 9 hadi 14. Chanjo hii si ngeni Kilimanjaro: ilijaribiwa mkoani humo kabla ya kuenea nchi nzima 2018.

Dozi inayosahauliwa kirahisi kuliko zote ni ile ya miezi 18, maana mtoto ameshatembea na mama ameshazoea kwamba kliniki imeisha. Tunaisisitiza kwa sababu ya hesabu rahisi: katika watoto 100 wanaochomwa surua wakiwa na miezi 9, takribani 85 tu ndio wanaojenga kinga. Kinga aliyoachiwa na mama yake inaweza kuwa bado ipo na inaizuia chanjo isifanye kazi vizuri. Ya pili ndiyo inayowapata wale waliobaki.

Kufidia dozi

Kanuni ni moja: kati ya dozi na dozi ya chanjo ileile zipite angalau wiki 4, yaani siku 28 kamili. Ukiwahi, dozi haihesabiki. Ukichelewa, inahesabika.

Mfano. Mtoto amezaliwa tarehe 3 Februari, akachomwa za wiki 6 tarehe 17 Machi, kisha familia ikahamia malishoni upande wa Longido na hakurudi mpaka tarehe 12 Januari. Sasa ana miezi 11. Siku hiyohiyo anapewa pentavalenti ya pili, PCV ya pili, rota ya pili, matone ya polio ya pili, sindano ya polio na surua-rubella ya kwanza. Sindano nne kwa siku moja zinatisha kuzitazama, lakini mwili wa mtoto unazimudu, na kuzigawa kwa wiki tofauti ni kumwongezea siku za kukaa bila kinga. Mbili zikiangukia paja moja, ziachane angalau sentimita 2.5. Ya surua inaingia mkono wa kushoto. Anarudi tarehe 9 Februari kumalizia pentavalenti, PCV na matone ya tatu, halafu tarehe 3 Agosti kwa surua ya pili.

Umri nao una mipaka yake. Rota haitolewi akishapita miezi 24. Chanjo ya Hib haina kazi kubwa baada ya miaka 5. Kwa PCV, aliyefikisha mwaka bila dozi hata moja huhitaji dozi chache kuliko mtoto mchanga, kwa hiyo mwachie mhudumu apange. Surua haina "umechelewa mno": aliyekosa miezi 9 anachomwa siku yoyote atakayoonekana, na ya pili baada ya wiki 4 au zaidi.

Kwa familia zinazopanda Rombo, Machame au Marangu kila Desemba, piga hesabu mapema. Mtoto wa tarehe 1 Novemba anafikisha wiki 6 tarehe 13 Desemba na wiki 10 tarehe 10 Januari, na zote mbili zinaweza kumkuta kwa bibi. Beba kadi. Zahanati yoyote ya serikali kule mgombani itamchoma bila malipo na kuandika kwenye kadi ileile. Kwa wafugaji, huduma ya mkoba hufika vijijini kwa tarehe maalumu; mwenyekiti wa kijiji au mhudumu wa afya wa jamii anazijua.

Kadi ikipotea, rudi kituo alichochomwa mara ya mwisho waangalie rejesta. Arusha na Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuanza rejesta ya kielektroniki, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Kisipopatikana kitu, mtoto anahesabiwa hajachanjwa na anapewa. Dozi ya ziada haimdhuru; dozi inayokosekana ndiyo ya kuogopa.

Jambo jingine linalowarudisha watu bure: BCG na surua-rubella ni unga unaochanganywa na maji yake maalumu. Kichupa cha BCG kina dozi 20, cha surua-rubella 10, na kikishachanganywa kinatupwa ndani ya saa 6 hata kikibaki nusu. Baadhi ya vituo kwa hiyo hukusanya watoto siku moja ya wiki. Uliza siku hiyo kabla hujapanda daladala kutoka Usa River. Lakini kama umetoka mbali na mtoto yupo mbele yao, mwombe nesi kwa upole akifungue, maana kichupa kina thamani ndogo kuliko mtoto.

Lini asichomwe

Orodha ya kweli ni fupi. Mtoto aliyevimba uso, akabanwa pumzi au kuzimia kwa mzio mara baada ya dozi iliyopita hapewi tena chanjo hiyo. Aliyepata degedege au kuishiwa nguvu hadi kupoteza fahamu ndani ya siku 3 baada ya pentavalenti, au mwenye degedege za kujirudia ambazo hazijadhibitiwa, hapewi pentavalenti mpaka daktari aamue. Aliyewahi kupata tatizo la utumbo kuingia ndani ya utumbo hapewi rota.

Kwa VVU kuwa makini na maneno. Mtoto wa mama mwenye VVU ambaye hana dalili, na majibu yake hayajatoka, anapata BCG kama wengine. Aliyethibitika kuwa na VVU husubiri mpaka awe kwenye ARV na hali yake iwe imetulia. Surua-rubella anapewa, isipokuwa kinga yake ikiwa imeshuka sana. Mama akiwa na kifua kikuu cha kuambukiza, mtoto humaliza kwanza dawa za kinga ndipo apewe BCG, kwa kuwa dawa hizo zinaua bakteria wa chanjo. Mwambie nesi pia kama mtoto aliongezewa damu karibuni au anatumia prednisolone nyingi (dawa inayoshusha kinga), kwani surua huahirishwa.

Yasiyozuia ni mengi, na ndiyo yanayotusikitisha kwa sababu watoto hukosa chanjo bure. Mafua na kikohozi cha baridi ya Julai hapa chini ya Meru hayazuii. Homa ndogo isiyofika nyuzi 38.5 haizuii, wala dawa za antibiotiki, utapiamlo au mama kuwa mjamzito. Njiti anachomwa kwa tarehe aliyozaliwa, si ile aliyotarajiwa. Anayeharisha anapewa matone ya polio, ila dozi hiyo haihesabiwi na atapewa nyingine baadaye. Anayeahirishwa ni yule anayeumwa sana, wa kulazwa. Naye anachomwa mara anapopata nafuu.

Kwenye benchi na nyumbani

Una haki ya kuomba kuona kichupa. Kwenye lebo au kifuniko kuna duara lenye mraba katikati: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima, ukilingana rangi au kuzidi, joto limeiua. Pentavalenti na PCV huharibiwa pia na kuganda, ndiyo maana zinakaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kaa kituoni dakika 15 hadi 30 baada ya kuchomwa.

Akipata homa, mpe paracetamol kwa uzito ulioandikwa kwenye kadi: mtoto wa kilo 6 anapata ml 2.5 ya dawa ya mg 120 kwa ml 5, kila baada ya saa 6 akihitaji. Aliye chini ya miezi miwili usimpe bila kuuliza. Usimpe kabla ya sindano. Paja lililovimba weka kitambaa chenye maji baridi, usilikande.

BCG huleta kipele, kisha kidonda kidogo chenye usaha wiki 2 hadi 6 baadaye, na kovu. Usikikamue, usipake majivu wala majani. Kovu lisipotokea haina maana chanjo imeshindwa; mwonyeshe nesi tu. Na siku ya 5 hadi 12 baada ya surua-rubella, joto kidogo na vipele vyepesi vinaweza kutokea. Havimwambukizi mwenzake na huisha vyenyewe. Degedege, kulia bila kunyamaza kwa saa zaidi ya 3 au kushindwa kunyonya, hayo si ya kusubiri kuche: mpeleke kituoni usiku huohuo, ukiwa na kadi.