AC haipoozi: ubadili kipuri au ununue mpya? Ninavyoamua nikiwa kazini Tanga

Joto la kaskazi likishika, Desemba mpaka Machi, simu yangu haitulii. Raskazone, Sahare, Chumbageni, kote maneno ni yaleyale: "Fundi, AC haipoozi, kompresa imekufa." Nikifika, mara nyingi kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, naikuta nzima. Inaniuma kuona mtu analipia kompresa wakati ugonjwa uko kwenye kifaa kidogo, na inaniuma zaidi kuona mtu anajaza gesi kila mwaka kwenye koili (mabomba yenye mapezi yanayobadilishana joto na hewa) iliyokwisha kuliwa na chumvi. Kabla hujatoa pesa, pita hatua hizi kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: Ondoa uchafu, kisha pima

Zima swichi kuu. Toa filta za mashine ya ndani, zioshe, zikaushe kivulini. Mashine ya nje imwagie maji ya bomba taratibu, maana presha kubwa hupindisha mapezi, vile vibati vyembamba vya alumini. Kwa nyumba za karibu na bahari nashauri hilo lifanyike kila mwezi, chumvi isipate muda wa kukaa.

Washa, subiri dakika 15, kisha weka kipimajoto pale hewa inapoingia na pale inapotoka. Tofauti ikiwa kati ya nyuzi 8 na 12, mashine inafanya kazi yake. Tafuta tatizo chumbani: dirisha linalopigwa na jua la mchana, au bati lisilo na silingibodi. Hapo hakuna kipuri cha kununua.

Hatua ya 2: Sikiliza mashine ya nje

Ikivuma kidogo kisha ikakata, au feni haizunguki mpaka isukumwe, mshukiwa wa kwanza ni kapasita, kifaa kidogo kinachotunza umeme wa kuamsha mota. Usiifungue mwenyewe, kwani hubaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Fundi aitoe chaji, aipime kwa mita mbele yako. Imeandikwa mikrofaradi (kipimo cha uwezo wake) 35 na inasoma 28? Ibadilishwe. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile, na volti zake zisiwe chini ya za mwanzo.

Apime na umeme wa nyumba pia. Unatakiwa uwe karibu na volti 230. Ukishuka sana jioni, kompresa inahangaika kuwaka, na hata ukiweka mpya itaungua vilevile.

Hatua ya 3: Uliza gesi imekwenda wapi

Hapa ndipo wengi tunapoliwa pesa. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kwa hiyo ikipungua, inavuja. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia miezi michache tu.

Bi mkubwa mmoja wa Raskazone alijaziwa gesi mara tatu kwa miaka miwili. Nilipopaka povu la sabuni kwenye maungio, hapakuwa na kitu. Nikafungua kifuniko cha mashine ya nje: mapezi ya nyuma, upande unaotazama bahari, yalisagika kama unga nilipoyagusa, na bomba la shaba lilikuwa na madoa ya mafuta sehemu tano. Akaniuliza, "Mwanangu, huwezi kuchomelea?" Nikamjibu, "Tundu moja ningechomelea, mama. Hili nikiziba, la jirani yake litafunguka kabla ya mfungo."

Kanuni yangu ni hii: uvujaji kwenye nati au kiungo, tengeneza. Koili iliyooza, usiijaze gesi tena.

Hatua ya 4: Soma lebo ubavuni mwa mashine ya nje

Lebo inataja aina ya gesi. Ukikuta R22, fikiri mara mbili kabla ya kutengeneza kitu kikubwa. Chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, gesi hiyo inaondolewa kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni, na kwa nchi kama yetu ifikapo 2030 itabaki kiasi kidogo tu cha matengenezo. Wala usikubali mashine ya R22 ijazwe gesi nyingine iitwayo R410A. Presha ya R410A ni kubwa zaidi kwa karibu asilimia 60, na mafuta yake ni mengine. Gesi ya R32 nayo inaweza kushika moto, hivyo haiingizwi kwenye mashine isiyotengenezewa gesi hiyo.

Kwa sababu hiyohiyo, usinunue mashine ya nje peke yake ukaiunganisha na ya ndani ya zamani, ila kama mtengenezaji amezipanga zifanye kazi pamoja.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Kapasita, mota ya feni, sensa: badilisha bila wasiwasi. Kompresa au koili kwenye mashine iliyovuka miaka 10, na gharama imefika nusu ya bei ya AC mpya, mimi nakwambia nunua mpya. Kompresa ikiungua, mafuta hugeuka asidi. Bila kusafisha mabomba na kubadili draya, kichujio kinachonasa unyevu, kompresa mpya haitadumu.

Bi mkubwa alinunua mpya. Mashine ya nje nimeihamishia nyuma ya nyumba, ukuta unakinga upepo wa bahari, na hewa iliyokuwa ndani ya mabomba nimeivuta yote kwa pampu ya vakyumu kabla ya kufungua gesi. Mpira wa kumwagilia bustani unafika pale bila shida. Mjukuu wake ndiye anayeiosha.